Safta na Fungu la Kumi

Katika mlango wetu, yaani upande wetu wa jengo wenye ngazi zake, hakuna mtu aliyeanika nguo kwenye chumba cha juu tangu Safta Ciobotaru alipoweka mashine yake mle. Kila jengo hapa Pașcani lina chumba hicho, juu kabisa chini ya paa, kilichojengwa ili watu waanike nguo wakati wa baridi. Kwetu, mlango C, kamba bado zimetandwa, ila zinabeba kebo badala ya mashuka. Zipo za kijivu, zipo za buluu, na moja ya njano ambayo Mungu peke yake anajua Safta aliitoa wapi. Zinashuka kwa nje ya ukuta, zinapita balkoni hadi balkoni, na kuingia kila nyumba kwa tundu lililotobolewa kwenye fremu ya dirisha. Nyumba ni ishirini, mstari wa mtandao ni mmoja. Miaka ile, kabla nchi yetu haijaingia Umoja wa Ulaya, kampuni haikutaka kuhangaika na kila nyumba, basi tulichanga tukachukua mstari mmoja, na kazi ya kuugawa ikamwangukia Safta.

Mimi ni mtu wa nyuki. Kuanzia Mei mpaka mwisho wa Agosti sina anwani; nafuata maua na mizinga yangu kwenye trela, kwanza kusini ambako miti huchanua mapema, halafu polepole kurudi kaskazini, nalala nilipofika. Baridi ikianza narudi kwenye nyumba aliyoniachia marehemu dada yangu, ghorofa ya chini, ukuta mmoja na jirani yangu Leontina. Shule niliiacha darasa la saba. Kwa hiyo mambo ya mashine nitayasema kama nilivyoyaona na kama Safta alivyonieleza, na msomi akicheka, acheke.

Safta alikuja mjini akiwa na miaka kumi na saba, akaingia kwenye nyumba ya simu, akawa miongoni mwa wale wanawake waliokaa mbele ya ubao wenye matundu, wakichomoa waya hapa na kuuchomeka pale. Miaka thelathini. Alijua sauti ya kila mtu mjini, nani anampigia nani na nani hapokelewi, na hakuna hata mmoja aliyewahi kusikia siri yake imetoka kinywani mwa Safta. Mitambo mipya ilipokuja, ile inayounganisha yenyewe, walimpa chombo cha maua cha kioo na kumshukuru. Chombo hicho amekiwekea misumari.

Na kabla ya hapo, miaka ya dhiki, ndiye aliyeshika daftari la foleni ya maziwa. Wa umri wangu hawahitaji kuelezwa. Duka lilikuwa pale chini ya jengo, gari la maziwa lilikuja likitaka, na watu walianza kupanga mstari alfajiri kwa chupa, mifuko, hata mawe yenye jina. Safta aliandika majina daftarini, akawaweka watu kwenye ngazi zetu mahali pasipo upepo, akawa anawaachilia kwenda dirishani wachache wachache. Hakuna aliyemchagua. Alikuwa na kalamu tu, na uso ambao watu hawakupenda kubishana nao.

Basi mtandao ulipokuja, hatukuuliza nani atashika ufunguo wa chumba cha juu.

Sheria zake zilikuwa mbili. Ya kwanza, maneno mbele, filamu nyuma. Mtu anayeongea na mwanawe Italia au Uhispania apite kwanza, na anayeshusha filamu asubiri, kwa sababu filamu haichoki. Ya pili hakuna aliyeijua, na ndiyo iliyoleta balaa.

Watu walilalamika, bila shaka. "Safta, unatukaba koo huku!" walimpigia kelele kutoka balkoni. Naye, akikung'uta zulia, bila kuinua macho, "Nakukaba kidogo mimi ili usinyongwe na jirani yako."

Sasa nimlete Tiberiu Olaru, ghorofa ya nne. Huyu si mtu mbaya, nataka lieleweke mapema. Alikuwa mpimaji wa mabehewa ya mizigo hapo stesheni kwa miaka thelathini na miwili, na alipostaafu hakuweza kuacha kupima. Alipima mvua kwa kopo. Alipima mkate. Wakati fulani alipima mtungi wangu wa asali akaniambia umezidi gramu kumi na mbili, nami nikamwambia azilambe. Kipenzi chake kilikuwa filamu za treni za mvuke, zile za zamani ambapo hakuna anayeongea, treni inapita tu, moshi, daraja, treni nyingine. Alizishusha kutoka kwa wapenzi wenzake huko duniani, nazo zilikuja polepole kama konokono, maana kwa Safta treni ilikuwa filamu, na filamu ilikaa nyuma.

Majira ya kuchipua ya mwaka wa balaa hilo, Jumatano ya Wiki Takatifu, Tiberiu aliitisha kikao. Tulikusanyika chumba cha juu, chini ya kebo, wengine wamekaa kwenye ndoo zilizopinduliwa. Safta alikuja na aproni yake ikiwa na madoa mekundu. Alikuwa akijaribu rangi ya mayai ya Pasaka.

"Jirani Safta," Tiberiu akaanza, miwani kwenye ncha ya pua, daftari mkononi, "karatasi ya kampuni inasema elfu mbili. Ndivyo, sivyo?"

"Ndivyo."

"Hizo elfu mbili ndiyo kasi tunayopewa. Sasa mimi nimepima. Siku saba mfululizo, saa kumi na mbili asubuhi, ninyi nyote mnakoroma, hakuna anayetumia isipokuwa mimi. Jumatano, elfu moja na mia nane. Alhamisi, elfu moja na mia nane. Ijumaa, elfu moja na mia..."

"Soma taratibu, Tiberiu," akasema kwa kejeli mama mmoja wa ghorofa ya pili, "wiki hii hatuna hata dirisha moja la kusafisha."

Watu wakacheka. Tiberiu hakucheka.

"Behewa likipungua siku moja, nasema ni unyevu umekauka. Likipungua kila siku, fungu lile lile la kumi, hilo si jua, jamani. Huo ni mkono."

Kutoka nyuma mtu akasema, si kwa sauti kubwa, "Saluni."

Nieleze. Binti wa ubatizo wa Safta alikuwa na saluni ya nywele jengo la tisa, na majira yale ya baridi saluni ilipata mtandao. Baadaye tulijua ulitoka kwingine kabisa. Lakini siku ile neno lilikaa katikati ya chumba kama panya, kila mtu akaliona.

Safta akageuka taratibu. "Fungu hilo haliendi saluni. Haliendi popote. Nimelizuia mimi."

"Umelizuia kwa nini?"

"Lisipozuiwa, foleni inahamia kwa kampuni."

"Foleni gani?" Tiberiu akatazama juu na chini. "Mimi sioni foleni, naona kebo."

"Mkiachilia yote, mtapata kidogo."

"Yaani kumi ni ndogo kuliko tisa? Jirani, mimi nilisoma shule ya jioni, lakini hapo hapana."

Kicheko kilikuwa kikubwa, na nilimwona Safta akifunga mdomo kama mtu anayefunga pochi. Alikuwa mtu wa kutenda. Maneno ya kujieleza hayakuwa yake. Tiberiu akasema tupige kura, fungu la kumi lirudishwe na ufunguo ukae kwake mpaka mambo yaeleweke. Mikono ikapanda. Mimi nilikuwa nimeinua mkono kujikuna sikio, nikahesabiwa. Ningeweza kusema, jamani, najikuna. Sikusema. Jambo hilo nimelibeba, kwa sababu mimi mwenyewe, nyuki wa mizinga mingine wakianza kuiba, naupunguza mlango wa mzinga mpaka upite kidole tu, na mzinga unapona. Nilikuwa na jibu mfukoni nisijue ni jibu.

Safta hakubisha. Alikaa mbele ya mashine, akaandika elfu mbili mbele ya macho yetu sote, akaweka ufunguo juu ya ubao wa kufulia, akarudi kwa mayai yake.

Na kwa kweli, Alhamisi, Ijumaa na Jumamosi mambo yalikuwa matamu. Watu walikuwa kanisani, wengine wanaoka, wengine wanapiga magoti kusugua sakafu. Mtandao ulibaki kwa wachache, na hao wachache waliruka. Tiberiu alinikuta kwenye ngazi akanishika bega. "Unaona, mzee wa nyuki? Unapumua? Nimefungulia filamu kumi na moja kwa pamoja. Kumi na moja!"

Safta alipita na kikapu chake, akasalimia, akaendelea.

Sasa Leontina. Alifuma mapazia katika kiwanda cha hapa miaka ishirini, katikati ya mitambo inayopiga kelele, na mitambo ikachukua masikio yake yote mawili. Anasoma midomo. Ukimwelekea uso anakuelewa kuliko mwenye masikio. Ukigeuka kuchukua chumvi, umepotea. Mwanawe wa pekee, Corina, alikuwa Italia akimtunza mzee mmoja aliyepooza. Simu kwa Leontina ni kipande cha plastiki. Ile picha ya Jumapili kwenye kompyuta, na uso wa Corina mbele ya kamera, ndiyo iliyokuwa sauti ya mwanawe.

Wiki mbili kabla ya Pasaka, Corina alikuwa amemwambia kwamba ana uvimbe shingoni, chini ya taya, na wamekata kipande wakakipeleka kupimwa. Majibu yangekuwa tayari kabla ya sikukuu. Jumapili ya Pasaka saa sita mchana angepata ruhusa ya saa moja. Saa saba kamili familia ingemchukua yeye na mzee wao kwenda kwenye nyumba ya milimani, ambako hakuna mtandao, mpaka Septemba.

"Si akuandikie tu?" nilimuuliza Leontina, nikimwelekea vizuri.

"Kuandika!" alisema. Anaongea kwa sauti kubwa sana, kama watu wa masikio yake, na anapojua hilo anapunguza mpaka haisikiki kabisa. "Mwaka juzi aliandika 'niko salama, mama' na mkono wake ulikuwa ndani ya plasta. Barua haina uso. Mimi nataka mdomo wake."

Hakulala vizuri siku hizo. Nilimsikia ukutani akihamisha vyombo.

Siku ya Pasaka aliniita nikae naye, kwa kuwa anaogopa kubonyeza. Meza ilikuwa na mkate wa jibini, mayai mekundu, na yai moja pembeni kwenye kitambaa, la kugonganisha na Corina. Mila hii ilianza na hao waliokwenda nje: mmoja anagonga yai lake kwenye kioo cha kompyuta huku, mwenzake kule, na wanabishana la nani limepasuka. Saa sita kamili uso wa Corina ulitokea. Shingoni kulikuwa na plasta nyeupe. Akafungua mdomo.

Na mdomo ukabaki wazi.

Tulingoja. Picha ikaruka, Corina akawa ameinamisha kichwa, macho yamefumba, kisha ikaganda tena. Sauti ilikuja vipande vipande. "Ma... dakta... ame... si... ni..." Halafu mkwaruzo.

"Amesema nini?" Leontina alinishika mkono. "Mdomo umesimama. Kwa nini amefumba macho? Analia?"

"Sijui, jirani. Picha imeganda."

"Wewe una masikio! Amesema nini?"

"Vipande tu. Daktari, halafu basi."

Nikafikiri simu, nikaonyesha kwa mkono. Akatikisa kichwa mpaka kitambaa kikalegea. "Simu itakwambia wewe. Na wewe ni mtu mpole, utanidanganya."

Kuhusu hilo alikuwa na haki. Nilitazama saa ya ukutani. Sita na dakika kumi na mbili. Nikaanza kupanda ngazi.

Magoti yangu ni ya mtu aliyebeba mizinga miaka hamsini. Ghorofa ya tatu niligonga kwa Safta. Alikuwa peke yake mbele ya bakuli la mchuzi wa kondoo.

"Kristo amefufuka," nikasema.

"Amefufuka kweli. Mbona unahema hivyo?"

"Picha ya Leontina imeganda. Corina anazungumza na mdomo hausogei."

Akaweka kijiko chini. Alijua habari ya uvimbe. Mlango mzima ulijua. "Ufunguo hauko kwangu."

"Najua. Na mkono wangu ulikuwa juu."

"Niliuona."

"Nilikuwa najikuna sikio, Safta."

"Hilo nalo niliona," akasema, tayari amevua aproni. "Twende."

Tiberiu alifungua na kitambaa cha mezani kikiwa kimechomekwa shingoni, mashavu yakimeta kwa mafuta. "Jirani! Karibu, karibu! Elfu mbili kamili, nimepima asubuhi hii!"

"Asubuhi, sawa," Safta akasema. "Pima sasa."

"Sasa tunakula."

"Tiberiu. Pima sasa."

Akaenda, sisi nyuma yake, wageni wake wakitutazama na uma mikononi. Akabonyeza. Namba ilipanda mpaka mia moja na kitu, ikashuka, ikasimama. Akabonyeza tena. Sabini.

"Kampuni wanatuibia!" akasema.

"Kampuni wanatoa zile zile elfu mbili. Zimekwisha mlangoni kwao kabla hazijafika kwako. Kila nyumba ina wageni leo, kila mgeni anashusha kitu, na wewe una treni zako kumi na moja."

"Basi nazizima! Hizi hapa, nazizima."

"Zizime. Halafu nenda kwa kina Zaharia, halafu kwa kina Grosu, halafu kwenye ile nyumba yenye wapwa watatu kutoka Suceava. Utagonga milango kumi na sita, kila mlango utapewa glasi ya mvinyo, na Leontina ana dakika thelathini na tano."

Tiberiu akasimama. Alikuwa hajui la Leontina kwamba ni sasa hivi, nikamwambia. Uso wake ukabadilika.

"Lakini nieleze," akasema, na hakuwa akibisha tena, "nieleze kama mtu mjinga. Ukipunguza, inakuwaje inatosha?"

Safta alimtazama. Nadhani siku zote tatu alikuwa akitafuta maneno, na hapo tu, mbele ya mtu mwenye kitambaa shingoni, yakamjia.

"Ulikuwa namba ngapi kwenye daftari langu la maziwa?"

"Thelathini na moja," akasema papo hapo. Hakuna mtu wa umri ule asiyekumbuka namba yake.

"Unakumbuka siku polisi walipochana daftari, wakasema ni mkusanyiko usio na kibali, kila mtu aende dirishani mwenyewe?"

"Nakumbuka."

"Maziwa yalipungua siku hiyo?"

"Hapana. Gari lilikuwa lile lile."

"Wewe ulipata?"

Tiberiu akatazama kandambili zake. "Lita nne. Nilikuwa na viwiko."

"Leontina alikuja na mtoto kifuani. Alipata?"

Mtoto yule alikuwa Corina, na tulijua wote kwamba chupa ilirudi tupu, maana Leontina alilia kwenye ngazi hizi hizi.

"Muuza maziwa aliweza kuhudumia kumi kwa mara moja," Safta akasema. "Mimi niliachilia tisa. Kila mara tisa. Nafasi ya mmoja naiacha wazi, ili dirishani pasijae hata siku moja, na foleni ibaki huku kwenye ngazi zetu. Huku naweza kumwambia mwenye mtoto apite mbele. Ikishajaa dirishani, mimi sina neno, muuzaji haangalii mtoto, anaangalia mkono uliomfikia. Kampuni ndivyo ilivyo. Haijui nani anaongea na mama yake na nani anatazama treni. Hilo fungu la kumi sikumpa mtu. Ndiyo nafasi ninayosimama mimi kugawa."

Tiberiu alivuta kitambaa shingoni, akakiweka juu ya kompyuta, akatoa ufunguo mfukoni mwa suruali ya sikukuu. Alikuwa nao pale mezani, kwenye mlo wa Pasaka. Nilimwonea huruma kidogo.

Walipanda wao wawili. Mimi nilisimama ghorofa ya nne nikishika ukuta, nikasikia mlango wa chumba cha juu ukifunguliwa, kisha kimya, kisha Safta akisoma kwa sauti huku akibonyeza kwa kidole kimoja kama anavyofanya: "Moja. Nane. Sifuri. Sifuri."

Nikaanza kushuka. Ghorofa ya tatu hakuna kitu. Kutoka ghorofa fulani redio ya kanisa. Nilipofika ya pili, mguu wangu ukiwa hewani kati ya ngazi na ngazi, sauti ya Leontina ikapanda kutoka chini na kujaza jengo lote.

"MAFUTA! NI MAFUTA TU! HAKUNA UGONJWA! MAFUTA!"

Milango ikafunguka. Watu na uma zao, watu na mayai yao. "Nini? Mafuta gani? Nani amemwaga mafuta?" Nikakaa pale pale kwenye ngazi, nikawa natikisa mkono tu. Ilibidi mama wa ghorofa ya pili, aliyekuwa mjuzi wa habari zote, awaeleze wengine: uvimbe wa Corina, majibu yametoka, ni mafuta yaliyokusanyika chini ya ngozi, si kitu. Mtu akajifanyia ishara ya msalaba. Mtu akanishikisha glasi. Nilikunywa bila kuuliza ni nini.

Nilipofika kwa Leontina, uso wa Corina ulikuwa unasogea kama uso wa mtu aliye dirishani. Mama alikuwa amemfanya aiseme habari ile mara tatu, polepole, na mara ya nne akamtaka ageuze shingo kulia, kushoto, asogee, afungue plasta, afunge plasta. Corina alikuwa anacheka na kufuta macho kwa mkono wa sweta. Aliyafumba yale macho, kumbe, kwa sababu ya jua la dirishani.

"Umemwelewa vizuri?" nikamuuliza Leontina.

"Nimemwelewa mpaka kwenye meno," akasema, na mara hii alisahau kupunguza sauti.

Saa ya ukutani ilikuwa sita na dakika thelathini na moja. Walibaki na karibu nusu saa nzima na habari kubwa imeshakwisha, kwa hiyo wakaanza kugombana. Kwamba milimani ni baridi na Corina hana fulana ya sufi. Kwamba anayo. Kwamba ile si fulana, ni wavu. Wakagonga mayai kwenye vioo, kila mmoja akaapa kwamba la mwenzake ndilo limepasuka. Niliwaacha.

Safta nilimkuta amekaa kwenye ngazi ya juu kabisa, nje ya chumba chake, miguu imenyooshwa, kiatu kimoja kimevuliwa. Hajawahi kukaa chini mbele yangu nje ya nyumba yake. Nikakaa kando yake.

"Mafuta," nikasema.

"Nimesikia. Nadhani hata kampuni wamesikia." Akacheka peke yake, kicheko cha msichana wa miaka kumi na saba, halafu akafunika macho kwa kiganja akabaki hivyo kidogo. "Nilikuwa na wasiwasi," akasema. "Nilidhani labda na mimi nimekosea hesabu. Siku tatu zile, wote mkifurahi vile, nilianza kujiuliza."

Nikampa mkate wa jibini niliotoka nao kwa Leontina mfukoni. Ulikuwa umepondeka. Aliula wote.

Tiberiu hakuomba radhi kwa maneno. Si desturi yake. Jumatatu ya Pasaka alishuka ghorofa moja na sahani yenye keki, na ufunguo ukiwa kando ya keki kama kijiko. "Nimepima tena saa kumi na mbili," akamwambia Safta mlangoni. "Elfu moja na mia nane. Nimeandika uzito sahihi." Kisha akaenda jengo la tisa kunyolewa saluni, ingawa hana nywele za kumtosha kinyozi, na aliongea mle kwa sauti kubwa kuhusu uaminifu wa watu fulani.

Mimi niliondoka Alhamisi na mizinga yangu kuelekea kusini. Nilipopita chini ya jengo, Tiberiu alinipungia mkono kutoka balkoni, akapaza sauti kwamba treni ya kwanza kati ya zile kumi na moja imemaliza kushuka. Aliifungulia tena Jumatatu, nyuma ya foleni, kama watu wote.

"Nzuri?" nikamuuliza.

"Hapana," akasema. "Ni daraja tu. Lakini imefika nzima."